Tovuti ya Olimpiki iliyoshtakiwa: historia ya wasioona na mtandao

Kimya kimekuwa kirefu, lakini si mnajua tena, wiki za testi hapa chuoni mtu hata jina lake analisahau. Sasa tumepumua kidogo na leo nataka kuandika historia. Si ya Majimaji wala ya Mkutano wa Berlin, hiyo nawaachia wenyewe wa idara yao. Hii ni historia ya mtandao, tena ule upande usioandikwa sana: watu wasioona, viziwi na wengine wenye ulemavu walivyopigania kuingia humu ndani ambamo mimi na wewe tunaingia bila hata kubisha hodi.

Nitaanzia katikati, halafu turudi nyuma, halafu tuje mbele mpaka hapa kwetu. Katikati yenyewe ni Sydney, Australia, mwaka 1999.

Kule Sydney kulikuwa na bwana mmoja anaitwa Bruce Maguire. Haoni tangu kuzaliwa. Kompyuta anaitumia, tena vizuri tu, kwa msaada wa kifaa cha nukta nundu: kibao chenye vijipini vinavyopanda na kushuka, maandishi yaliyoko kwenye skrini yanageuka kuwa nundu chini ya vidole vyake. Mji mzima ulikuwa unajiandaa kwa Olimpiki ya Septemba 2000 na yeye, kama jirani zake wote, alitaka kujua michezo itakuwa lini, wapi, na nani kashinda. Akaingia kwenye tovuti rasmi ya michezo hiyo. Akakwama.

Alikwama wapi? Sehemu tatu. Kwanza, picha nyingi kwenye tovuti ile hazikuwa na maelezo ya maandishi, na nyingine kati ya hizo picha ndizo zilikuwa viungo vya kukupeleka kurasa nyingine. Pili, ukiwa kwenye ukurasa wa ratiba hukuweza kufika kwenye orodha ya michezo bila kuona. Tatu, majedwali ya matokeo yalipangwa kwa namna ambayo asiyeona hawezi kujua namba gani ni ya nani.

Hebu tuielewe hiyo ya tatu, maana ndiyo inayowapita watu. Chukua fainali ya mita 1500 ya Sydney, ile ambayo Noah Ngeny wa Kenya alimpiku Hicham El Guerrouj wa Morocco. Wewe unatupa jicho mara moja: safu ya nafasi, safu ya jina, safu ya nchi, safu ya muda. Kwisha. Asiyeona anapokea vitu kimoja kimoja, kwa mstari, kama treni ya mizigo: moja, Ngeny, KEN, 3:32.07, mbili, El Guerrouj, MAR, 3:32.32, tatu, Lagat, KEN, 3:32.44. Hapo bado unafuatilia, kwa sababu jedwali ni dogo. Sasa weka jedwali la safu kumi na mistari arobaini, halafu aliyelitengeneza hakuiambia kompyuta ipi ni safu ya muda na ipi ya pointi. Utasikia mvua ya namba tu. Matokeo yapo pale pale mbele yako na huyapati.

Basi bwana Maguire hakunung'unika baa. Tarehe 7 Juni 1999 alipeleka malalamiko kwenye Tume ya Haki za Binadamu na Fursa Sawa ya Australia, dhidi ya kamati ya maandalizi ya michezo. Alitumia sheria ya nchi yake ya mwaka 1992 inayokataza kumbagua mtu kwa sababu ya ulemavu. Angalia mwaka huo, 1992. Sheria ile ilitungwa wakati tovuti duniani zilikuwa za kuhesabika, na ndani yake hakuna neno tovuti. Inazungumzia kutoa huduma. Swali likawa: je, tovuti ni huduma? Kama ni huduma, huwezi kumwekea mtu mlango wa kuona tu.

Kamati ikajitetea. Utetezi wao nawaomba muusome vizuri, kwa sababu ni ule ule mnaousikia kila mahali mpaka leo. Walisema kazi ni kubwa mno: eti kuna violezo vya kurasa 1,295 vya kurekebisha, mtu mmoja akifanya kazi saa nane kwa siku atahitaji siku 368, na gharama itapita dola milioni 2 za Australia. Kwa hiyo, wakasema, kudai yote hayo ni kutuonea sisi.

Upande wa Maguire ukaleta wataalamu wawili, Jutta Treviranus kutoka Kanada na Tom Worthington wa Australia. Wao wakasema hesabu hiyo imevimbishwa. Violezo vyenyewe ni pungufu sana ya vile 1,295, na mtaalamu mmoja mwenye uzoefu, akiwa na wasaidizi kati ya 5 na 15, anaimaliza kazi kwa wiki nne. Na kama mambo hayo yangefikiriwa tangu siku ya kwanza ya kuijenga tovuti, gharama yake ingekuwa ndogo sana.

Tarehe 24 Agosti 2000 Tume ikatoa uamuzi: Maguire amebaguliwa, tovuti irekebishwe kabla ya tarehe 15 Septemba, siku ya ufunguzi. Kamati ikarekebisha kidogo tu. Michezo ikaanza, michezo ikaisha tarehe 1 Oktoba, mwenge ukazimwa. Tarehe 6 Novemba 2000 Tume ikaiamuru kamati imlipe Maguire dola 20,000 za Australia kwa kutotii.

Kwa hiyo Maguire alishinda kesi, ila Olimpiki ilimpita. Ukitaka kujua tofauti ya haki na haki iliyochelewa, ndiyo hiyo. Hakuna fidia inayokurudishia siku 17 ambazo mji wako mzima ulikuwa unazungumza jambo moja na wewe unasubiri mtu mwenye macho akusimulie.

Kuna jambo jingine kwenye kesi hii linalonifanya nicheke na kusikitika kwa pamoja. Kampuni iliyopewa kandarasi ya kuijenga tovuti ile ni IBM. Hiyo hiyo IBM ndiyo ilikuwa imefanya makubwa kuliko karibu kampuni yoyote kuwasaidia wasioona kutumia kompyuta. Na hapo ndipo inabidi turudi nyuma.

Miaka ya 1980 kompyuta nyingi hazikuwa na madirisha, wala picha, wala kipanya. Ilikuwa skrini nyeusi na maandishi matupu, enzi za DOS. Kwa asiyeona ilikuwa neema ya ajabu. Maandishi ni maandishi: programu inayachukua, inayapeleka kwenye kifaa cha sauti, unasikia. Pale IBM kulikuwa na mwanahisabati asiyeona aitwaye Jesse Wright, na mwenzake Jim Thatcher, ambaye Wright alikuwa amemsimamia tasnifu yake. Hao wawili waliacha kidogo nadharia zao nzito wakaanza kutengeneza njia ya kuifanya kompyuta iongee, na katika miaka hiyo IBM ikatoa programu yake ya kusoma skrini. Kumbuka ilianzaje: mtu mmoja alitaka kusoma kazi zake mwenyewe bila kumsumbua mwenzake.

Mwingine ni Ted Henter. Huyu alikuwa mshindani wa mbio za pikipiki, Mmarekani, akapoteza macho kwenye ajali ya gari mwaka 1978. Akarudi darasani akasomea kompyuta. Baadaye, pamoja na mfanyabiashara Bill Joyce, naye asiyeona, wakafungua kampuni kule Florida, na mwaka 1989 wakatoa programu ya JAWS. Ukikutana na mtu asiyeona anayefanya kazi ofisini, jina hilo analijua kama wewe unavyolijua jina la benki yako. Tatizo lake lilikuwa bei: kwa miaka mingi leseni moja ilikuwa inakaribia dola 1,000 za Marekani. Bumu la muhula mzima linaweza lisitoshe, na hapo hujanunua kompyuta yenyewe.

Halafu ikaja Windows. Sote tunaisifu Windows kwamba iliirahisisha kompyuta, na ni kweli, kwa mwenye macho. Kwa asiyeona ilikuwa kama mtu aliyezoea nyumba yake gizani, anajua kila kiti kilipo, halafu akaamka asubuhi akakuta wamehamisha kila kitu na kupaka ukuta picha. Maandishi yakageuka michoro. Kubonyeza kukageuka kulenga na kipanya. Watengenezaji wa programu za kusoma skrini wakaanza upya, na watu wengi wasioona waliokuwa na kazi nzuri wakati wa DOS wakawa na hofu ya kweli ya kuzipoteza.

Mtandao nao ulipita njia hiyo hiyo. Tim Berners-Lee alipoubuni kule CERN, Geneva, mwaka 1989, na tovuti ya kwanza ilipoanza kusomeka na watu wa nje mwaka 1991, kilichokuwamo kilikuwa maandishi na viungo. Asiyeona angeweza kuusoma sawa na profesa wa fizikia. Februari 1993 kijana Marc Andreessen wa Chuo Kikuu cha Illinois akapendekeza tegi ya kuweka picha ndani ya ukurasa, na mwaka huo huo kivinjari chao cha Mosaic kikawaonyesha watu picha na maandishi pamoja. Dunia ikachanganyikiwa kwa furaha. Lakini pendekezo lile lilikuwa na sehemu ya kutaja picha iko wapi, halikuwa na sehemu ya kusema picha ni ya nini. Sehemu ya maelezo iliingia rasmi kwenye HTML 2.0, Novemba 1995, na ikawa ya lazima kwenye HTML 4.0, Desemba 1997. Ya lazima kwenye karatasi, nieleweke. Kivinjari chenyewe hakikukukatalia ukiiacha.

Ndiyo maana nasema si kweli kwamba mtandao ulizaliwa bila nafasi kwa watu wenye ulemavu na sisi sasa tunawafanyia hisani ya kuwaongezea mlango. Mlango ulikuwepo. Tuliuziba wenyewe, kwa mapambo.

Wapo walioliona hilo mapema. Mwaka 1994, kwenye mkutano wa pili wa kimataifa wa mtandao uliofanyika Chicago, Berners-Lee alilitaja suala la watu wenye ulemavu. Januari 1995 Gregg Vanderheiden wa Chuo Kikuu cha Wisconsin akatoa mwongozo wa kwanza wa namna ya kutengeneza kurasa ambazo kila mtu anaweza kuzisoma. Baada yake wengine nao wakaandika ya kwao, miongozo ikazidi 30, kila mtu na lake. Mwaka 1997 jumuiya inayosimamia viwango vya mtandao, W3C, ikaanzisha kitengo maalumu cha kazi hiyo, na tarehe 5 Mei 1999 kikatoka kiwango kimoja cha dunia kinachoitwa WCAG 1.0. Kina miongozo 14, na ya kwanza kabisa inahusu hicho hicho nilichokuwa nakisema: picha na sauti vipewe maelezo ya maandishi.

Linganisha tarehe. Kiwango kilitoka tarehe 5 Mei 1999, Maguire akalalamika tarehe 7 Juni 1999. Mwezi mmoja na siku mbili. Wataalamu wake walipofika mbele ya Tume walikuwa na kitu mkononi cha kupimia. Hawakusema tu tovuti hii ni mbaya, walisema tovuti hii imeshindwa hapa, hapa na hapa.

Na Japani nako kulikuwa na dada, Chieko Asakawa, aliyepoteza macho akiwa na miaka 14 baada ya kuumia kwenye bwawa la kuogelea. Alikuwa mtafiti wa IBM Japani. Mwaka 1997 kampuni ikatoa programu aliyoibuni ya kuusoma mtandao kwa sauti. Alifanya jambo rahisi na la akili sana: maandishi ya kawaida yasomwe kwa sauti ya kiume, viungo visomwe kwa sauti ya kike. Ukisikia sauti imebadilika unajua hapa pa kubonyeza. Sasa unaelewa kwa nini nilicheka na kusikitika. Nyumba moja ilikuwa na Wright, Thatcher na Asakawa, na kutoka nyumba hiyo hiyo ikatoka tovuti ambayo Maguire hakuweza kuisoma. Kuwa na ujuzi jengo la pili hakusaidii kama jengo la kwanza hakuna aliyeuliza.

Twende Marekani haraka haraka. Kule mwaka 1998 Bunge lilirekebisha sheria ili ofisi za serikali ya shirikisho zitumie na kununua teknolojia ambayo watu wenye ulemavu wanaiweza, na viwango vyake vikaanza kutumika Juni 2001. Hiyo iliwagusa wengi kwa sababu serikali ni mteja mkubwa. Ukitaka kuiuzia, rekebisha bidhaa yako. Lakini kesi iliyozungumzwa sana inatuhusu sisi wanafunzi moja kwa moja. Mwaka 2006 mwanafunzi asiyeona wa Berkeley, Bruce Sexton (ndiyo, Bruce mwingine), pamoja na shirikisho la kitaifa la wasioona, walilishtaki duka kubwa la Target kwa sababu tovuti yake haikumwezesha asiyeona kununua kitu. Duka likasema sheria inahusu majengo, siyo tovuti. Septemba mwaka huo jaji Marilyn Patel akakataa kuitupa kesi: kama tovuti imeungana na huduma za maduka yenyewe, sheria inaigusa. Agosti 2008 wakamaliza kwa makubaliano ya dola milioni 6.

Tangu hapo kesi hazijakoma. Mwaka 2019 Domino's walijaribu kufika Mahakama Kuu ya Marekani kupinga madai ya mteja asiyeona aliyeshindwa kuagiza piza kwa tovuti na programu ya simu. Mahakama ikakataa kuwasikiliza. Ulisoma vizuri, piza. Wengine wanacheka hapo, lakini mimi sioni cha kuchekesha. Maisha mengi ni mambo ya piza: kununua, kujaza fomu, kuangalia matokeo, kukata tiketi. Mtu akizuiwa yote madogo, kubwa atalifikia kwa njia gani?

Sijawasahau viziwi. Kwao maandishi ya mtandao hayakuwa tatizo. Ndiyo yaliyokuwa ukombozi. Mwaka 1964 Robert Weitbrecht, mwanafizikia kiziwi wa Marekani, alibuni kifaa cha kuunganisha mashine za kuchapa kwa waya wa simu, na viziwi wakaanza kuandikiana kupitia simu miaka mingi kabla ya sisi kuchati. Vint Cerf, mmoja wa mababa wa intaneti, ana tatizo la kusikia, na alikuwa mpenzi mkubwa wa barua pepe tangu mwanzo. Kilichowakwamisha viziwi ni video. Ilibidi chama chao cha Marekani kiipeleke Netflix mahakamani mwaka 2011 ndipo mwaka 2012 ikakubali kuweka maandishi ya chini kwenye video zake zote kufikia 2014. Leo fikiria mihadhara yote inayorekodiwa bila maandishi, halafu muulize mwenzako kiziwi anaipata wapi.

Sasa tuje kwa kijana mwingine wa Australia, maana huyu ndiye aliyebadilisha mambo kwa watu wasio na hela kama sisi. Michael Curran, asiyeona, Aprili 2006 alianza kuandika programu ya kusoma skrini ambayo itatolewa bure. Baadaye akaungana na rafiki yake Jamie Teh, naye asiyeona, ambaye walijuana tangu utoto kwenye kambi ya muziki. Mantiki yao ilikuwa nyepesi: kwa nini asiyeona alipe karibu bei ya kompyuta ya pili ili aitumie kompyuta ya kwanza? Programu hiyo inaitwa NVDA. Mpaka leo ni bure, unaipakua, unaiweka hata kwenye flashi, unatembea nayo. Kwenye simu nako, mwaka 2009, iPhone ikaja na VoiceOver ndani yake na Android ikaja na TalkBack. Hiyo iliondoa kisingizio kikubwa cha zamani, kwamba vifaa ni ghali. Vifaa sasa vipo mfukoni. Kilichobaki kibovu ni kurasa zenyewe.

Na ni kibovu hasa. WebAIM, kituo kilichoko Chuo Kikuu cha Jimbo la Utah, kila mwaka hupima kurasa za mbele za tovuti milioni moja. Mwaka 2019 asilimia 97.8 zilikuwa na makosa yanayoonekana hata kwa mashine. Mwaka 2025 ilikuwa asilimia 94.8. Miaka sita, pointi tatu. Na makosa yanayoongoza ni mepesi ya aibu: maandishi yaliyofifia juu ya rangi iliyofifia, picha zisizo na maelezo, visanduku vya fomu visivyo na majina. Hivyo vya pili na vya tatu Maguire angevitambua kama ndugu zake wa zamani. Viwango vyenyewe vimesonga, WCAG 2.0 ilitoka Desemba 2008, 2.1 mwaka 2018, 2.2 Oktoba 2023. Miguu ya watengenezaji ndiyo haijasonga.

Kwetu je? Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa Desemba 2006 na kifungu chake cha 9 kinaitaja intaneti waziwazi. Kenya iliuridhia mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009, na mwaka 2010 tukatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Kwa hiyo karatasi tunazo. Lakini Australia nayo ilikuwa na karatasi yake tangu 1992, na ilikaa kimya mpaka mtu mmoja alipoamua kulalamika. Hilo ndilo somo ninalolichukua mimi kwenye historia yote hii. Sheria ilifungua mlango, kiwango kikatoa kipimo, lakini aliyesukuma kila mara alikuwa mtu mwenyewe aliyezuiwa: Wright, Henter, Asakawa, Maguire, Sexton, Curran. Waliobaki tulikuwa tunaambiwa kazi ni siku 368.

Na sisi Waswahili tuna tatizo letu maalumu ambalo hao wote hawakulipata. Programu ya kusoma skrini inachagua sauti kwa kuangalia lugha iliyotajwa kwenye msimbo wa ukurasa. Tovuti zetu nyingi zimejengwa kwa violezo vya Kiingereza, maandishi yakabadilishwa kuwa Kiswahili, lakini ule mstari mmoja wa juu unaotaja lugha ukaachwa ukisema Kiingereza. Matokeo yake mashine inakisoma Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza. Sikiliza "tangazo la ajira" likisomwa hivyo halafu uniambie kama umeambulia kitu. Na sauti ya Kiswahili ipo! eSpeak, ile sauti ya bure inayokuja na NVDA, ina Kiswahili. Ya kiroboti, ndiyo, ila inatamka. Kinachotakiwa ni herufi mbili tu, sw, pale juu. Hiyo nayo ni dola milioni 2?

Nimewahi kukaa na mwenzetu mmoja asiyeona, mtaalamu wa NVDA kuliko mimi nilivyo mtaalamu wa chochote, akijaza fomu fulani ya mtandaoni. Jina, sawa. Tarehe ya kuzaliwa, sawa. Mwisho kabisa ikaja ile picha ya herufi zilizopinda, andika unachokiona, kuthibitisha wewe ni binadamu. Hakukuwa na kitufe cha kusikiliza. Akanigeukia akasema, "Ndugu yangu, hebu niambie kama mimi ni binadamu." Tukacheka sana. Nilimwandikia zile herufi, fomu ikaenda. Ila aliniambia tarehe za mwisho mbili zilikuwa zimeshampita kwa kukosa mtu karibu.

Sasa tusiwasukumie wenye tovuti peke yao. Sisi wenyewe hapa tunatengeneza vitu kila siku. Madesa! Mtu anapiga picha kurasa 40 za kitabu kwa simu, anaziunga kuwa PDF moja, anairusha kwenye grupu la darasa na sote tunamshukuru. Kwa NVDA faili lile ni ukurasa mtupu. Ni picha 40, hakuna herufi hata moja ndani yake. Mwenzetu anaingia kwenye UE na desa ambalo hajawahi kulisoma, halafu akipata sapu tunasema hakusoma.

Kwa hiyo, wadau, machache yaliyo ndani ya uwezo wetu. Ukituma desa, tuma lililochapwa, au lipitishe kwanza kwenye programu ya kubadili picha kuwa maandishi, ziko za bure. Tangazo la mkutano likitoka kwa picha, andika maneno yake chini ya picha, saa, mahali na siku. Vichwa vya habari kwenye kazi ya grupu viweke kwa mtindo wa vichwa wa programu yenyewe, siyo kukoleza wino tu, maana asiyeona anaruka kutoka kichwa hadi kichwa kama wewe unavyoperuzi. Na mnaosoma kompyuta, mnaowajengea watu tovuti kwa laki mbili tatu za pembeni: kabla hujakabidhi kazi, weka kipanya kando, zima skrini, washa NVDA, halafu jaribu kufika mwisho wa fomu yako mwenyewe kwa kibodi tu. Ukishindwa wewe uliyeijenga, tovuti haijaisha. Usichukue hela ya watu.

Faida yake hata sisi wenye macho tunaipata. Ukurasa wenye maandishi halisi ni mwepesi, bando linadumu, unatafutika, na unafunguka kwenye kisimu cha bei poa. Ni kama ule mteremko pembeni ya ngazi: umejengwa kwa ajili ya kiti cha magurudumu, lakini siku ya kuhamia hosteli angalia nani anagombania kupita pale na masanduku yake.

Haya, nimeandika mengi kuliko nilivyopanga na kesho saa moja asubuhi nina kipindi. Nikipata nafasi, wiki ijayo nitaandika historia ya nukta nundu yenyewe, maana yule kijana Louis Braille naye ana mkasa wake. Mnaotaka NVDA nitafuteni, ninayo kwenye flashi.